Tupime nguvu na kasi za wanafunzi kabla ya kuwachagua

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Njombe ambaye, katika barua yake ya hivi karibuni, alisema kwamba kipaji cha mwanariadha huonekana kwa macho na kwamba habari za kupima misuli ni anasa za nchi zenye fedha. Aliuliza ni nani aliyempima Filbert Bayi kabla hajaweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974. Namheshimu msomaji huyo, kwa kuwa maneno yake ni ya mtu aliyekaa uwanjani miaka mingi, na mimi nami nimefundisha michezo katika shule za Mbeya kwa zaidi ya miaka 20. Lakini Bayi tunamkumbuka kwa dakika 3 na sekunde 32.2, yaani tunamkumbuka kwa kipimo, na swali linaloninyima usingizi linahusu wale ambao jicho letu liliwapita tukawarudisha nyumbani.

Mmoja wao nilimrudisha mimi. Tulikuwa tunachagua timu ya shule yetu ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mwezi wa tano, asubuhi yenye ukungu uliofunika mlima Loleza wote. Mwanzishaji alisimama mwanzo wa mita 100 akiwa na filimbi mdomoni na kitambaa cheupe mkononi, na mwisho wa mbio walikuwapo walimu wanne, kila mmoja na stopwochi yake. Walimu wawili walibonyeza saa walipoona kitambaa kinashuka, na wawili walibonyeza waliposikia filimbi. Hakuna aliyewaelekeza, na mimi niliyekuwa msimamizi sikuuliza. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo filimbi inayopulizwa mita 100 kutoka ulipo hukufikia baada ya karibu sehemu 3 za kumi za sekunde, na saa iliyobonyezwa kwa kusikia humpunguzia mkimbiaji muda huo wote kana kwamba hakuutumia. Msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekimbia pekupeku, alipimwa na mwalimu aliyetazama kitambaa na akaandikiwa sekunde 14.3. Mwenzake, aliyekimbia katika kundi lililofuata, alipimwa kwa filimbi na akaandikiwa sekunde 14.1. Kwa kuwa hawakukimbia pamoja, jicho halikuwa na la kusema. Karatasi ndiyo iliyoamua, nami nikamkata jina msichana wa kwanza.

Hakulalamika. Aliacha tu kuja mazoezini, na ilipofika likizo familia yake ilikuwa imekwisha kuhama. Kosa lile nililigundua baada ya miezi kadhaa, niliposoma kwamba watunza muda wa riadha hufundishwa kuanzisha saa kwa kuona moshi au mwako wa bastola na kamwe si kwa kusikia mlio wake. Nilichukua ile karatasi ya matokeo, nikaandika upya nyakati za wote kwa kuwaongezea waliopimwa kwa filimbi ule muda waliopunguziwa, na jina la yule msichana likapanda hadi nafasi ya pili. Nimeihifadhi karatasi hiyo hadi leo.

Naeleza haya ili msomaji wa Njombe aelewe kwamba simtetei mtu yeyote anayeshika stopwochi na kuamini kwamba tayari amepima. Kipimo kilichofanywa ovyo ni kibaya kuliko jicho, kwa sababu jicho linajulikana kuwa hukosea, ilhali namba ikishaandikwa hakuna anayeibishia. Hata mtu mzoefu anayetazama vizuri huchelewa kidogo kubonyeza saa mwanzoni, na mwisho wa mbio humwona mkimbiaji akija na kubonyeza karibu kwa wakati ufaao. Ndiyo maana watakwimu wa riadha, wanapotaka kulinganisha muda wa mkono wa mita 100 na ule wa mitambo ya umeme, huongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono. Tofauti hiyo inatosha kumtoa mtoto katika timu ya mkoa.

Wapo watakaosema kwamba sehemu ndogo kama hizo za sekunde hazituhusu sisi, nchi ya mbio ndefu. Nawakumbusha asubuhi ya tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, pale Alphonce Simbu alipokimbia kilomita 42 na ushei, akaingia uwanjani akikimbizana na Mjerumani Amanal Petros, na wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoonyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia katika riadha. Baada ya zaidi ya saa mbili za pumzi, kilichoamua ni kasi ya miguu katika mita za mwisho. Nililia mbele ya televisheni, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa niingie katika jambo lenyewe, kwa sababu wengi wetu tunachanganya nguvu na kasi kana kwamba ni kitu kimoja. Nilikuwa na kijana mmoja kutoka Umalila ambaye nyumbani kwao wanalima viazi, na ambaye angeweza kunyanyua gunia la lumbesa na kulipakia kwenye mkokoteni bila kuita mtu. Mapaja yake yalikuwa kama magogo. Kila mwalimu aliyemwona alisema huyu ndiye mkimbiaji wetu wa mita 100, na kila mara aliachwa nyuma na wavulana wembamba ambao wasingeweza kulisogeza gunia lile hata shubiri moja. Jicho lilikuwa limeona nguvu, na halikukosea. Ila nguvu aliyokuwa nayo kijana yule haikuwa ile ambayo mbio fupi zinaihitaji.

Jambo hili lilielezwa zamani na Mwingereza A. V. Hill, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi zake juu ya misuli. Mwaka 1938 alichapisha vipimo vyake vya misuli ya chura, vilivyoonyesha kwamba mzigo ukiwa mzito msuli hujikunja polepole, na kwamba kadiri mzigo unavyopungua ndivyo kasi ya kujikunja inavyopanda, kwa mkunjo maalumu unaoweza kuchorwa kwenye karatasi. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mkokoteni uliojaa na kisha kuusukuma ukiwa mtupu anaujua ukweli huo kwa miguu yake. Lililo muhimu kwetu walimu ni kwamba watu wawili wanaweza kulingana kwenye mzigo mzito na kutofautiana sana kwenye mzigo mwepesi, kwa hiyo kumpima mtu kwa kumnyanyulisha tu hakutuambii atakimbiaje.

Tena kuna suala la muda. Mkimbiaji wa mbio fupi anapokuwa katika kasi yake ya juu, unyayo wake hugusa ardhi kwa takribani sehemu moja ya kumi ya sekunde, wakati msuli wa paja huhitaji sehemu tatu za kumi au zaidi kufikia nguvu yake yote. Kijana wa Umalila alikuwa na nguvu nyingi, lakini mguu wake ulikuwa umekwisha kuondoka chini kabla nguvu hiyo haijafika. Anayeshinda ni yule anayeweza kuitoa nguvu yake upesi, hata kama kwa jumla anayo kidogo. Tulipompima kijana yule kwa kurusha mpira wa mchanga wa kilo 3 akiwa ameketi na mgongo ukiwa ukutani, aliwaacha wenzake wote mbali, tukamhamishia kwenye tufe. Huko alifurahi, na sisi tulifurahi pamoja naye.

Gharama za kupima hivi si za kutisha. Mwaka 1921 Mmarekani Dudley Sargent alieleza kipimo cha kuruka wima ambacho hadi leo kinabeba jina lake, na shule yoyote yenye ukuta na chaki inaweza kukifanya. Mwanafunzi hujipaka vumbi la chaki kwenye ncha za vidole, husimama ubavu kwa ukuta akiwa ameikanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, hunyoosha mkono juu na kuacha alama, kisha hujikunja kidogo magoti, hurusha mikono na kuruka, na kugusa ukuta akiwa amefika juu kabisa. Umbali kati ya alama mbili ndio mruko wake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mwanafunzi mjanja ambaye hanyooshi bega sawasawa wakati wa alama ya kwanza, akajipatia sentimita 4 au 5 za bure. Mwalimu aangalie bega kabla ya kuangalia ukuta. Pia akumbuke uzito. Mwenye kilo 70 akiruka sawa na mwenye kilo 50, misuli yake imefanya kazi kubwa zaidi, na kwa anayetafuta mrusha tufe au mchezaji wa kati wa netiboli tofauti hiyo ina maana.

Mwenye simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde anaweza kupima bila ukuta. Anahesabu picha tangu vidole vya miguu vilipoachana na ardhi hadi viliporudi, anapata muda wa kuwa hewani, anauzidisha muda huo kwa wenyewe, anazidisha kwa 9.81 na kugawanya kwa 8. Picha 120 ni nusu sekunde, na nusu sekunde hewani ni mruko wa sentimita 31 hivi. Sharti lake ni kwamba mrukaji atue na miguu imenyooka kama ilivyoondoka, kwani anayekunja magoti hewani huongeza muda kwa hila.

Kwa upande wa kasi, nawashauri walimu wenzangu waache kutegemea mita 100 peke yake. Mwanafunzi akimbie mita 30, na mita 10 za kwanza zipimwe mbali na mita 10 za mwisho, kwa sababu kuondoka ni jambo moja na kufikia kasi ya juu ni jambo lingine. Usain Bolt alipokimbia sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, mita 20 za kutoka alama ya 60 hadi ya 80 alizimaliza kwa sekunde 1.61, kasi ambayo hana mtu yeyote anapotoka tu kwenye vibao. Yupo mtoto anayechomoka vizuri akaishiwa katikati, na yupo anayechelewa kuamka lakini akishainuka hashikiki; wa kwanza hufaa mpira wa miguu na mpira wa mikono, wa pili hufaa mbio za mita 200. Kwa kipimo hiki pia simu inatosha. Iwekwe juu ya kitu imara, mbali kidogo na njia, ielekee alama ya mita 25, na fimbo mbili zichomekwe upande wa simu. Fimbo hizo zisogezwe kidogo kuelekea katikati, hadi mtu aliyesimama kwenye alama ya mita 20 aonekane nyuma ya fimbo ya kwanza na wa mita 30 nyuma ya fimbo ya pili, la sivyo utakuwa umepima umbali usio sahihi.

Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna mambo mawili ambayo vitabu vya mbali havitatukumbusha. La kwanza ni baridi. Asubuhi za mwezi wa sita Mbeya, Iringa na Makete nyuzijoto huweza kushuka chini ya 10, na msuli wa baridi hujikunja polepole na huchanika kwa urahisi. Mwanafunzi aliyetembea kutoka Uyole ya ndani hadi shuleni amechoka miguu, na mwenzake anayelala bweni ametoka tu kwenye blanketi. Kuwapima wote wawili saa moja asubuhi ni kuwadhulumu wote wawili. Wapasheni misuli kwa dakika 15 hivi, kwa kukimbia taratibu na kuongeza mwendo kidogo kidogo, nanyi mpime saa nne jua likiwa limetoka. La pili ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi humsaidia kidogo mkimbiaji wa mbio fupi na mrukaji, kama ilivyoonekana Mexico City mwaka 1968 Bob Beamon aliporuka mita 8.90, huku ikimlemea anayekimbia mbio ndefu. Kwa hiyo mwalimu wa Mbeya asijisifu mbele ya mwalimu wa Tanga kwa namba za mita 100, wala asivunjike moyo kwa namba za mita 5000.

Jambo ambalo ningependa walimu walitafakari zaidi kuliko yote ni kutobadilika kwa kipimo. Mpe mwanafunzi nafasi tatu za kuruka mbali akiwa amesimama, na atakupa pengine sentimita 182, 188 na 185, ilhali ni yeye yule, mguu ule ule, ndani ya robo saa. Basi akija baada ya mwezi akaruka 190, usikimbilie kumpongeza kwamba nguvu zimeongezeka, kwa sababu tofauti hiyo imo ndani ya kubahatisha kwake mwenyewe. Akiruka 205, hapo zungumza. Mwalimu asiyejua namba za wanafunzi wake huyumba kiasi gani kutoka jaribio hadi jaribio atasifia upepo na kulaumu upepo. Nafasi ziwe tatu, mapumziko yawe dakika mbili au tatu, viatu viwe vile vile au wote wawe pekupeku, miruko itangulie mbio, na aliyepima mwezi uliopita ndiye apime mwezi huu.

Kisha tukumbuke kwamba tunapima watoto. Wasichana wengi huingia katika kurefuka kwa haraka wakiwa na miaka kama 12, na wavulana wakiwa na miaka kama 14, lakini kati ya watoto wa darasa moja wengine huwahi na wengine huchelewa kwa miaka miwili au zaidi. Anayewahi hushinda kila kipimo cha nguvu kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, hupewa jezi na viatu, na aliyechelewa huambiwa akashangilie. Miaka mitatu baadaye wanalingana, na mara nyingine yule wa pili amempita, lakini tayari amekwisha kuacha. Ndiyo sababu nataka daftari la mfululizo badala ya shindano la siku moja, ili mtoto alinganishwe kwanza na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Pembeni ya kila namba uandikwe urefu wake wa siku hiyo.

Faida nyingine, ambayo nitaigusa tu, ni ya majeraha. Mchezaji aliyeumia nyama za nyuma ya paja au goti apimwe kwa mruko wa mguu mmoja, kulia na kushoto, na umbali ulinganishwe. Wataalamu wengi wa tiba ya viungo hutaka mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mzima kabla ya kurudi mchezoni. Sisi humuuliza kama anasikia maumivu, naye kwa kuipenda timu hujibu hapana. Daftari lenye namba zake za kabla ya kuumia lingemsaidia yeye na sisi.

Mashine kubwa zipo, nazo ni za kweli. Kuna viti vya kupimia nguvu ya goti kwa mwendo usiobadilika, kuna sahani za kukanyaga zinazorekodi msukumo wa mguu mara mia nyingi kwa sekunde, na kuna baiskeli ya kipimo cha Wingate ambayo mtu huipiga pedali kwa nguvu zote sekunde 30. Siombi vitu hivyo kwa shule ya kata. Ninachoomba ni kwamba maafisa michezo wa halmashauri zetu wakubaliane na vipimo vitatu tu, yaani mruko wa ukutani, mita 30 na kurusha mpira wa mchanga, na kwamba karatasi moja ya maelekezo, yenye namna moja ya kupima, ipelekwe kwa kila mwalimu wa michezo kabla ya mwezi wa pili. Wahitimu wa Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya waliopo katika mikoa yetu wanaweza kuwaonyesha wenzao kwa siku moja. Na kwa kuwa tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa hapa Mbeya, nawaomba wanafunzi wake wa umeme wafikirie mradi wa malango ya mwanga ya kupimia muda, yanayoanza na kusimama mkimbiaji anapokata mwale. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wao, na ingetuondolea filimbi na kitambaa.

Shuleni kwetu tulianza daftari hilo muhula uliopita. Tumepima wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, wasichana kwa wavulana, pamoja na wale ambao hawajawahi kuvaa jezi. Ukurasa wa kwanza nimebandika nakala ya ile karatasi ya zamani ya mita 100, ikiwa na nyakati zote mbili, za siku ile na zilizorekebishwa, na kila mwalimu mpya anayekuja kunisaidia huanza kwa kuisoma. Msomaji wa Njombe nakukaribisha Jumamosi yoyote ya muhula uje utazame, na ukija na stopwochi yako nitakupa nafasi mwishoni mwa mbio, mahali pa kuonea kitambaa.

Mwalimu wa michezo,
Uyole, Mbeya